Wavu Chini ya Yama

Kwanza niseme upumbafu wangu: ni mimi nilimufunga yama, ndugu mudogo wa mama yangu, kwenye nguzo ya nyumba na kamba ya wavu. Nilimufunga fundo la wavuvi, lile hata mamba halifungui.

Yama alivunjika mugongo pale muti wa kuchonga mutumbwi ulimuangukia. Toka kiuno kwenda chini hakuna kitu. Ungemuchoma na sindano ya nyavu, angeendelea kukuelezea habari za wanawake wa Kilwa, ile ya huku ziwani. Ukimukalisha, anaanguka upande kama mufuko wa mihogo. Nilimuambia hata mutoto asiye na meno anamushinda kukaa. Alicheka, akaanguka tena.

Lakini kulala hakutaka.

"Mwipwa, mutu akilala muchana, watu wanaanza kuongea polepole karibu naye. Nikalishe. Mikono ingali inajua kazi."

Basi nikakunja wavu mukuukuu, nikauweka chini yake. Sisi watu wa ziwa, wavu ndiyo godoro. Wanaume wanalala juu yake ndani ya mitumbwi. Nikamufunga wima. Akashona nyavu za majirani kutwa nzima, anatukana kila anayepita, na mimi shuleni najisifu eti nimefundisha mutu muzima kukaa.

Wavuvi wanageukageuka usingizini. Yeye hakuweza, na hakusikia mafundo ya wavu yakimula. Harufu ilipoanza, tulisema ni samaki. Kwetu wanaanikwa mpaka juu ya paa, nani atauliza? Kumuogesha ilikuwa kazi yangu, maana mama ni dada yake, na dada haoni uchi wa kaka yake. Nilimumwagia maji huku naangalia ziwani, kwa haya.

Siku nilipouvuta ule wavu niufue, ulikuja na nyama.

Mama aliweka haya pembeni, akaangalia, akanituma misioni. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mufupa. Nesi muzungu wa misioni alikisafisha, akasema alale kifudifudi, asikae tena kabisa; na homa ikipanda, tujitayarishe.

Homa ikapanda.

Kila asubuhi yama aliniuliza, uso kwenye mukeka: "Mwipwa, leo unanikalisha?"

Mimi ninayejibizana na walimu mpaka nachapwa, nikakimbilia jikoni, nikamuambia mama kwamba anauliza tena. Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka.

"Wewe unajua kudanganya watu," alisema. "Rudi umuambie ni kesho. Na kesho umuambie vilevile."