Nyekundu ya Chini ya Shanga

Nakumbuka siku moja, mwaka ule mahindi yaliponyauka tukala maboga asubuhi, mchana na jioni, na wengine bado tukijisahau tunasema mkoa wetu ni Arusha wakati tumeshakuwa Manyara. Mwanangu, shule niliishia la pili, lakini kuuliza sikuishia popote.

Mjukuu wangu Paskalina alikuwa ametengeneza tovuti ya kuuzia sketi za ngozi, zile tunazozishona shanga sisi akina mama wa Endagikot. Kwenye kompyuta yake mpya ya kubeba mkobani ilipendeza. Tukaenda intaneti kafe pale Mbulu mjini, wenzangu waione kabla ya kumkabidhi sketi zao. Kompyuta ya pale ilikuwa kuukuu, ina kisogo kama tenga la kuku. Akafungua. Picha zipo, maandishi hakuna. Weupe mtupu!

"Haa! Umetuita tuangalie maziwa?" jirani yangu akacheka, huku anafunga sketi yake kwenye kitenge.

"Bibi, mashine ni ya zamani. Wanunue mpya."

Nikamwambia, "Mpaka kompyuta ya zamani isome, sketi yangu haitoki."

Halafu nikavuta kiti, maana hamu ya kujua ilinichoma. "Sasa maandishi yamekwenda wapi?"

"Yapo, Bibi, ila ni meupe. Nyuma yake niliweka nyekundu nyepesi, kwa namna mpya ya kuandika rangi. Kompyuta hii haiijui, imeuruka mstari wa rangi hiyo, nyuma pamebaki peupe."

"Na nyekundu ya kawaida?"

"Hiyo inaijua."

Nikamgeuzia sketi yangu aone ngozi nyekundu chini ya shanga. Nilipokuwa msichana nilitaka kushona shanga kwenye ngozi isiyopakwa udongo mwekundu. Mama akaninyang'anya sindano: "Shanga zikidondoka utavaa nini?"

Paskalina akacheka peke yake. Akaandika nyekundu ya kawaida kwanza, ile mpya akaiweka mstari wa chini. Kompyuta kuukuu ikashika ya kwanza, ikairuka ya pili. Yake mpya ikazielewa zote, ikafuata ya mwisho. Maandishi yakatokea. Jirani akafungua kitenge.

Mwanangu, tandika kwanza kinachoonwa na kila mtu, ndipo urembe. Mwenye mashine kuukuu usimcheke, naye ni mteja. Mungu akupe mikono myepesi na masikio ya kusikiliza.

Juzi Paskalina kaniuliza kama aufute ule mstari wa kwanza, eti kompyuta zile zimekwisha. Nikamwuliza, umepita nyumba zote za Getanuwas ukaangalia? Kisha nikamkumbusha neno langu la siku ile:

"Mpaka kompyuta ya zamani isome, sketi yangu haitoki."