Wasifu wangu wa msanii, mbele ya mama

Leo mama kaniuliza mgeni atalala wapi.

Nilikuwa namsomea wasifu wangu. Redio ya hapa Kibiti wanautaka kabla hawajapiga wimbo wangu.

"Nyota wa kimataifa, mwenye sauti ya dhahabu..."

Mama kaacha kupepeta mchele. "Mtu mkubwa hivyo! Tutamlaza wapi?"

"Mama, ni mimi."

Jamani, alivyonitazama juu hadi chini!

Kisha akanionea huruma. "Mwanangu, mbona shamba la Mohoro hukulitaja? Tulikupandisha dunguni, juu ya kile kichanja, uamie ndege wasile mpunga, wewe ukawa unaimba. Majirani wakaacha mashamba yao, wakaja kukusikiliza."

Nimefuta yote. Niambieni kama niutume hivi:

"Alitumwa kufukuza ndege, akaimba. Mpunga wote ukaliwa."