Madoa ya Grini ya Saba

Jirani yangu wa mtaa wa pili, Mhindi aliyestaafu kung'oa meno ya watu wa Kariakoo, ndiye aliyenitia kwenye gofu. Sukari yangu ilikuwa imepanda, na hospitali walikuwa wameniambia nitembee. Nilibisha kwamba natembea kutwa nzima, kutoka kwenye majora ya vitenge hadi mlangoni na kurudi. Jirani akasema huko si kutembea, ni kuzunguka kama feni. Akanidhamini klabuni kwake, na nikiwa na miaka arobaini na nane nikaanza kuvuka Mnazi Mmoja kwa miguu alfajiri, kuelekea upande wa bahari, kwenda kuupiga mpira mdogo ambao haujanikosea kitu.

Nilidhani kazi ni kupiga tu. Kumbe kupiga ni robo ya mambo. Mwenzako akijiandaa kupiga, unanyamaza, na simu ya mteja isithubutu kulia. Kivuli chako kisiangukie njia ya mpira wake. Ukiingia kwenye shimo la mchanga, unasawazisha nyayo zako kwa reki kabla hujaondoka. Ukichota bonge la majani kwa fimbo, unalirudisha mahali pake na kulikanyaga. Na mpira ukitua kutoka juu kwenye grini, lile eneo la majani mafupi laini lenye kishimo na bendera, unaacha kibonyeo, nacho unakirekebisha kwa uma mdogo wa meno mawili. Siku ya kwanza nilipewa uma wangu pamoja na kijitabu cha adabu za uwanjani.

Nikiri kwamba adabu hizo nilizipenda kuliko mchezo wenyewe. Kwetu sokoni mtu akikukanyaga anakuuliza kwa nini uliweka mguu pale. Hapa watu wazima walikuwa wanafukia walichoharibu na kumngoja mwenzao amalize. Mimi ni mtu wa kupanga vitu; kitenge kikikunjwa vibaya dukani silali. Basi nikawa nazunguka kila grini na uma wangu, narekebisha vibonyeo vyangu na vya wenzangu, hasa kwenye grini ya saba, ambako lazima mpira urushwe juu kuvuka mtaro na kila mmoja anaacha kibonyeo chake. Nilikuwa nazamisha uma chini kabisa, naunyanyua udongo kwa nguvu kama ning'oavyo mchicha, halafu nakanyaga juu pakae sawa. Jirani yangu hakuona ubaya wowote, maana macho yake ya mbali yamekwisha. Mwenyekiti wa kamati alinisifu mbele ya watu, akasema wanachama wa zamani waniige. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Baada ya kama mwezi, grini ya saba ikaanza kutoka madoa ya kahawia. Mwanzoni matatu, manne. Kisha yakaenea mpaka pale mahali pakawa kama shuka lililounguzwa kwa pasi. Na mashindano ya klabu yalikuwa yanakaribia.

Aliyekuwa akitunza majani yale ni mzee mmoja wa Lindi, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka. Alikuwa amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kila alfajiri nilimkuta amekwisha kukata, amechuchumaa, anayapapasa majani kwa kiganja. Kamati iliamua kwamba amezidisha mbolea. Alisema hakuzidisha. Wakampa barua: ajieleze kwa maandishi, na maelezo yasiporidhisha, mwisho wa mwezi akabidhi funguo za banda la mashine. Habari hizo tulizipata mezani, tukinywa chai baada ya mchezo. Mmoja akasema mzee macho yamemwishia. Nami, mdomo wangu huu, nikaongeza kwamba pengine umefika wakati apumzike. Nilisema huku nikimimina maziwa.

Ijumaa iliyofuata, saa ya swala, mtaa wetu umetulia na jirani zangu wengi wamefunga maduka, nilikaa juu ya jora la chini nikipekua mkoba. Nikakitoa kile kijitabu. Nilikuwa nimekisoma chote siku ile ya kwanza, lakini nilisoma maneno. Michoro sikuitazama, nikidhani imewekwa ya kupamba. Katika ukurasa wa kibonyeo palikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilionyesha uma umeingizwa pembeni, kwa mshazari, unasukuma majani kuelekea katikati. Ya pili ilionyesha uma umezama chini, unanyanyua udongo juu. Hiyo ilikuwa imepigwa alama kubwa ya X. Chini yake waliandika kwamba ukinyanyua unakata mizizi, na majani yanakufa.

Nilihisi joto usoni kama nimemwagiwa uji. Nilihesabu asubuhi zote nilizopita pale na uma wangu, na sifa zote nilizopewa. Kila doa lilikuwa langu. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata dukani, na dukani nimewahi kuuza kitenge chenye tundu kwa mke wa shehe. Msaidizi wangu akaniuliza, "Vipi dada, unaumwa?" Nikamwambia ashike duka.

Kamati ilikuwa inakutana jioni ile ile. Niliingia bila kuitwa, nikasimama mbele yao na uma mkononi, nikawaeleza mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitaka hata wanifokee kidogo. Badala yake wakacheka, wala si kwa ubaya. Mwenyekiti alifuta machozi, akasema, "Mama, hilo ni jambo dogo, sote tulianza hivyo. Karibu chai." Akamwambia katibu aifute ile barua, wakahamia ajenda ya vikombe vya mashindano.

Chai yao sikuinywa. Hasira zangu ziko karibu, ila siku ile sikujua nimwelekezee nani. Mimi niliyeharibu nilisamehewa kabla sijamaliza sentensi. Yule ambaye hakuharibu kitu alikuwa amepewa barua. Hakuna aliyesema twende tukamwambie. Nikatoka, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta ndani ya banda, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananoa kisu cha mashine. Nikamwamkia shikamoo, jambo ambalo pale uwanjani sikuwahi kulifanya, ingawa ni wa umri wa baba yangu. Klabuni wafanyakazi ndio wanaotangulia kusalimia, nami niliiga kama nilivyoiga mengine. Alisita, kisha akaitikia marahaba. Nikamwambia barua imefutwa. Nikamwambia ni nani aliyeua majani yake.

"Najua, mama," akasema.

"Umeambiwa sasa hivi?"

"Hapana. Nakuona tangu wiki ya kwanza. Unakuja mapema kuliko wenzako, unapiga magoti, unachimba."

"Sasa mzee wangu, kwa nini usinikataze? Si ungeniambia tu?"

Akaendelea kunoa kidogo. "Ningekukatazaje? Mwanachama harekebishwi na mtu wa banda. Kuna mwenzangu alishawahi kumwambia mmoja avue viatu vya misumari. Hayupo hapa." Kisha akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Halafu ulikuwa unafanya kwa moyo. Nikasema moyoni, huyu akichoka ataacha."

Sikuchoka, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nililia pale bandani, mbele ya mashine za kukatia majani, bila kujificha. Yeye alitazama kisu chake mpaka nikamaliza.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, uwanja umejaa wanachama, nilimwomba tuende wote grini ya saba. Alisimama hatua tatu nyuma yangu, mikono nyuma, kama wafanyakazi wanavyosimama siku zote. Nikapiga magoti kwenye kibonyeo kipya. Njia sahihi nilikuwa nimeijua tayari, nimeikariri kwenye picha. Lakini niliuzamisha uma chini kabisa, kama zamani, nikaanza kunyanyua polepole. Nikangoja anikataze. Nilisikia anavuta pumzi, kisha kimya. Pembeni wanachama wanne walikuwa wanasubiri zamu yao, mwenyekiti mmoja wao. Udongo ukaanza kupasuka. Nikaendelea kunyanyua, nikimwomba Mungu nisiue jani jingine bure.

"Sivyo!" akapaza sauti, wale wanne wakageuka. "Mama, sivyo! Toa mkono!" Akaja, akapiga magoti kando yangu, akaninyang'anya uma.