Kobe wa Kwaresma

Mimi si mtu wa kutoa bure. Bora niseme mapema, maana mtaani kwetu Kariakoo watani wangu wanasema Mchaga akikupa sufuria bila kulipa, igeuze kwanza uangalie tobo. Nauza vyombo vya jikoni, jumla na rejareja, na sadaka yangu kwa miaka yote ilikuwa moja tu: kila Ramadhani namwazima sufuria tatu kubwa bibi mmoja anayekaa chumba cha uani, nyuma ya duka langu. Zinarudi baada ya Idi zina vitako vyeusi tii, nami nazisugua huku nanung'unika. Nikishasugua najiona nimewasaidia wanadamu vya kutosha.

Bibi ni mtu wa kusini, Lindi huko. Marehemu mumewe alisukuma mkokoteni sokoni mpaka mgongo ukakataa. Tangu amzike, kila mfungo anawapikia futari makuli waliosukuma pamoja naye, wale ambao adhana ya magharibi inawakuta bado wamebeba mizigo ya watu. Anapika uani, wanakula barazani mbele ya duka langu. Hana kitu yule bibi. Mihogo anapewa na huyu, magimbi na yule, nazi anakuna mwenyewe. Waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nadhani walikuwa wanamtazama yeye.

Mwaka huo Kwaresma na Ramadhani vikaangukia pamoja. Mimi ni Mkatoliki, na mdomo wangu, jamani, mdomo huu! Nilisimama jumuiyani nikatangaza kwamba Kwaresma hii sitaweka kitu kinywani mpaka jua lizame, siku zote arobaini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama anayeuza kanga duka la ng'ambo ya barabara, akasema tu, "Haya, tutaona." Yule mama akiwa Kariakoo anasikia mnada wa samaki Feri.

Siku ya kwanza ya mfungo bibi akaniletea bakuli langu la futari kama kawaida yake. Nikasubiri jua lizame, nikapiga ishara ya msalaba, nikachota mhogo. Mweh! Chumvi! Nilidhani nimechota maji ya bahari pale Kivukoni. Nikatoka mbio niwaokoe watu.

Barazani nikawakuta makuli wamekaa mkekani wanakula kimya, jagi la maji linazunguka, macho yamewatoka. Bibi amesimama mlangoni, ameshika kiuno. "Wanangu, futari vipi?"

"Tamu, bibi! Alhamdulillah!" wakajibu wote kwa pamoja.

Nikafungua mdomo. Kiongozi wao, kaka mmoja mrefu, akanikanyaga mguu. Alinikanyaga kweli, na ule mguu wake umezoea kuzuia mkokoteni mteremkoni.

Bibi alipoingia ndani nikamgeukia yule kaka. "Una wazimu wewe? Mtakufa na presha!"

"Mama, punguza sauti," akasema. "Bibi siku hizi anasahau. Anatia chumvi, akigeuka anatia tena. Mwezi uliopita mwanawe alikuja kutoka Mtwara, akapewa chai ya chumvi. Akamwambia, mama, umechoka. Atarudi Ijumaa ya mwisho ya mfungo kufuturu hapa. Akikuta mambo ni yaleyale, anamchukua akapumzike kwake."

"Si vizuri? Akapumzike!"

"Bibi analia, mama. Anasema huko atampikia nani? Atakalishwa kwenye kiti asubiri kufa. Sasa sisi tunakula. Tutakula tu, hata iweje."

Nikarudi dukani kwangu. Nilijisikia vibaya na visufuria vyangu vitatu.

Kesho yake nikaingia kazini. Kwanza nikaficha kopo la chumvi. Bibi akanunua jingine, kisha akaliona na lile la kwanza, basi siku hiyo futari ikatiwa chumvi kutoka makopo mawili. Ikawa wazi kwamba lazima mtu aonje kabla haijapakuliwa. Nani sasa? Makuli wamefunga. Wanasema inaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi ukatema, lakini hakuna aliyejitolea. Kila mtu anaujua ulimi wake. Wote wakanigeukia mimi.

"Nimefunga!" nikasema.

"Ya kwenu nyepesi, mama," akasema yule mrefu. Nusura nimpige mwiko.

Niligoma. Lakini jioni nikamwona huyohuyo mrefu ameshika tumbo kwa mkono mmoja, mkono wa pili anapunga, "Bibi, leo umetupatia!" Nikajua nimekwisha.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Alasiri, futari ikikaribia kuiva, yule mrefu anasimama mlango wa mbele. "Hodi bibi! Njoo utuombee dua, mzigo wa leo ni mzito!" Bibi anatoka. Mimi naingia kwa mlango wa uani na birika jipya la dukani, ndani nimejaza tui lisilo na chumvi. Naonja, namimina, nakoroga, naonja tena, natoka. Nikiulizwa, nimekuja kukagua sufuria zangu. Ila kuonja tu ukaishia hapo, na njaa ile, nani anaweza? Siku nyingine nilionja kuliko haja. Sawa, siku nyingi.

Katikati ya mwezi nikanaswa. Siku hiyo dua ilikuwa fupi. Bibi akarudi akanikuta nimeinamia sufuria, mwiko mkononi, mhogo umenijaa shavu zima.

"Astaghfirullah! Mwanangu, si umefunga wewe?"

Ningesema nini? Nikisema naonja chumvi, ataniuliza chumvi imefanyaje. Nikameza mhogo ule mzima mzima, ukapita kwa taabu. "Njaa, bibi," nikasema. "Imenishinda."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia! Alinitazama kwa huruma mpaka nikatamani ardhi ipasuke. "Usilie," akaniambia, wala silii. "Kila mtu na mtihani wake. Sitakusema kwa mtu."

Tangu siku hiyo nikawa nakuta bakuli limefunikwa kawa, juu ya kigoda nyuma ya mlango. "Kula, mwanangu," ananong'ona, kisha anageukia ukutani. "Mungu anakuona, ila mimi sikuoni." Nami akigeuka tu, birika langu linafanya kazi yake. Huku kwetu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani tunamwita kobe. Basi makuli wakanibatiza upya, kobe wa Kwaresma, wakawa wanacheka mpaka mikokoteni inawashinda. Nilikasirika, sitadanganya. Mtu mzima mimi, mwenye duka! Lakini jagi la maji lilikuwa halizunguki tena, na bibi alikuwa anakuna nazi huku anaimba.

Ijumaa ya mwisho mwanawe akaja. Mtu mpole, shati limenyooka, akavua viatu akakaa mkekani na makuli. Mwenyekiti wa jumuiya naye akavuka barabara, eti anatafuta sufuria ya kuchemshia maziwa. Siku zote hizo hakutafuta, akatafuta jioni ile.

Adhana ikaadhiniwa. Watu wakala tende, wakanywa uji, kisha mwanawe akachota gimbi. Makuli wakaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko, nikaubana kifuani mpaka ukaniachia alama.

Akala. Akachota tena. Akafuta bakuli kwa kidole, kama mtoto. "Mama," akasema, "hii ndiyo ile ya zamani. Niongeze." Kisha akacheka. "Basi bwana, baki hapa kwako. Mwakani mimi ndiye nitakayekuja kufuturu hapahapa."

Bibi akafuta macho kwa upande wa kanga, akainua mikono, sote tukainua yetu. Akamwombea marehemu mumewe. Akawaombea makuli migongo yao. Akamwombea mwanawe safari njema. Kisha akavuta pumzi.

"Na huyu jirani yetu, ya Rabi, ana moyo mzuri, anatuazima vyombo. Ni tumbo lake tu linalomshinda. Mchana wa Kwaresma yake anakuja kula kwangu kwa kujificha. Ya Rabi, mwondolee ulafi."

Kwa watu hakunisema. Alinisema kwa Mungu, ila kwa sauti.

Mwenyekiti wa jumuiya akageuka polepole, sufuria ya maziwa mkononi, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Makuli wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Maneno yalinifika kooni. Ningeyatoa, jina langu lingesafishika palepale, mbele ya jumuiya na mbele ya soko zima. Na mwanawe alikuwa palepale pia, bakuli la pili mapajani, anasikiliza.

"Amiin," wakaitikia makuli.

"Amina!" nikasema mimi, kwa sauti kuliko wote.

Bibi akaniletea bakuli langu, safari hii bila kawa, mbele ya watu. Nikakaa mkekani nikala. Chumvi ilikuwa sawasawa.