Ufagio wa Bibi

Mume wangu na mama yangu hawajawahi kutazamana machoni, lakini wametengeneza filamu pamoja. Nikisema hivyo, wageni hudhani wamegombana. Hawajagombana hata siku moja. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali: hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Mjini wengi wameyaacha hayo. Mama yangu hajaacha, na mume wangu, ambaye kwa mambo mengine yote ni kijana wa mjini, kwa hili ni mzee kuliko wazee.

Tunaishi Pasiansi, nyumba ya kupanga, na uani kuna chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbao. Hapo ndipo ilipokuwa studio yetu. Tuliulaza mlango mbovu juu ya kreti za soda, tukamwaga juu yake udongo tuliouchekecha kwa chujio la chai, tukapanga mawe ya nyuma ya nyumba, maana Mwanza mawe hayanunuliwi. Kibanda cha nyasi tulikijenga pembeni, na udongo mbele yake ukawa uwanja wa boma. Dirisha tuliliziba kwa gunia na blanketi ili jua lisituharibie mwanga, tukabaki na taa moja ya mezani. Kwa joto la mle ndani ungeweza kuivisha ndizi.

Mwenye boma hilo alikuwa Bibi, kikaragosi kirefu kama chupa ya soda. Mifupa yake nyaya za umeme, mwili wake sponji la godoro, macho shanga mbili nyeusi. Kichwa tulikifinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo, na hapo tulikosea, kwa sababu uji wa muhogo ni chakula na mende wa Pasiansi hawachagui. Asubuhi moja tulikuta Bibi hana sikio. Tukamfunga kitambaa kichwani, na tangu siku hiyo kila jioni tulimlaza ndani ya ndoo yenye mfuniko. Pale miguu yake ilipokuwa imesimama tuliacha pini mbili, ili kesho yake tumrudishe palepale.

Kazi yenyewe ni hivi: unamsogeza Bibi kidogo sana, unapiga picha kwa simu, unamsogeza tena, unapiga tena. Picha kumi na mbili zinakupa sekunde moja ya Bibi kutembea. Mimi nilikuwa namsogeza, mume wangu anapiga. Yeye ni fundi simu, kwa hiyo alikuwa anarudi kutoka kazini alasiri, tunafanya mpaka jua linazama. Filamu ilikuwa ya bibi kizee ambaye jembe lake lina tabia ya kutoroka usiku. Kila siku analitafuta, mpaka analikuta ziwani linacheza ngoma peke yake juu ya jiwe.

Kabla ya hapo nilikuwa nakaa kaunta katika duka la kaka yangu, duka la mabati na misumari. Niliacha kazi ile kwa ajili ya Bibi. Kaka hakunifokea, angenifokea ningejua la kumjibu, maana hasira zangu ziko karibu. Aliniambia tu, "Nakupa mwaka mmoja. Hiyo filamu ya midoli uionyeshe mbele ya watu wasiokujua. Wakikaa mpaka mwisho, sitakuuliza kitu tena. Wakiinuka, unarudi dukani, na midoli unawagawia watoto." Nikakubali mbele ya mke wake, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujitoa. Usiku ule nililia, si kwa huzuni, kwa hasira, kwa sababu nilijua ana haki ya kusema vile.

Mwaka ulipokaribia kwisha nilikwenda kuongea na mwenye banda umiza moja la Mkolani, banda la mbao ambako watu hulipa kuangalia mpira. Akanipa nafasi Jumapili moja, kabla ya mechi. "Wakianza kupiga miluzi nazima," alisema. Watazamaji wa mpira. Ukitafuta watu wasio na subira Mwanza nzima, uanzie pale.

Mama alikuwa amekuja kutoka Sengerema tangu siku tulizoanza kupiga picha, amevuka kwa kivuko kuja kutibiwa goti. Alipoona nguo za Bibi nilizoshona mimi, alizifumua zote bila kuniuliza. Tukapanga zamu. Asubuhi, mume wangu akiwa kazini na mimi nikipeleka kwa wateja wangu chapati nilizokuwa nauza tangu niache duka, chumba kilikuwa cha mama: alikaa mlangoni penye mwanga akashona. Alasiri alihamia sebuleni, chumba kikawa cha mkwe wake. Mama haoni vizuri tundu la sindano, na mume wangu aliligundua hilo bila kuambiwa. Kila jioni kabla ya kutoka alitunga uzi kwenye sindano tano sita, akazichomeka kwenye kipande cha sponji, akaziacha hapo. Mama hakusema asante, wala yeye hakuingoja. Lakini na mama alikuwa na lake la kumfanyia, ambalo hatukulijua.

Tulilijua zikiwa zimebaki wiki mbili. Mume wangu aliazima kompyuta ya fundi mwenzake, tukahamisha picha zote, tukakaa kutazama. Kwenye kioo kidogo cha simu Bibi alikuwa anapendeza. Kwenye kompyuta niliona uwanja. Bibi anatembea, nyuma yake nyayo ndogo zinabaki kwenye udongo, vizuri kabisa, halafu ghafla nyayo zote hazipo na uwanja una mistari safi. Anatembea tena, nyayo, ghafla mistari. Kila mahali tulipoishia siku, kila mahali tulipoanza siku nyingine.

"Upepo?" nikauliza.

"Upepo wa wapi, dirisha lina blanketi," mume wangu akasema. Akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema taratibu, "Hapo pamefagiwa."

Wote wawili tukageuka kutazama upande wa sebuleni, ambako mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani.

Sitaficha: nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Kazi ya miezi! Mume wangu alinishika mkono. "Hakuna mtu atakayemwambia mama," alisema. "Turudie."

"Turudie kwa siku ngapi? Unataka nirudi kupima misumari?"

"Nataka mama mkwe wangu asiaibike nyumbani kwangu."

Lakini mama ni wangu kabla hajawa mkwe wake, na mtoto ana ruhusa ambazo mkwe hana. Asubuhi yake sikupeleka chapati. Nikaichukua ile kompyuta, nikakaa naye pale mlangoni.

"Mama, umekuwa unafagia humu?"

"Nafagia, ndiyo. Humu chini, na uwanja wa yule bibi yenu. Naufagia kwa kijiti, taratibu. Pini zenu sijazigusa."

"Uwanja wa bibi kwa nini?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini watu wanaoga. "Mkwe wangu anakuja kufanya kazi hapo. Aukute na nyayo za jana?"

Hasira ikanitoka yote. Miezi yote ile sindano zilikuwa zinatungwa jioni na uwanja unafagiwa asubuhi, na mimi niliyekuwa katikati yao sikuona kitu. Sikuweza kumwambia kwamba ameharibu. Nikamwonyesha tu filamu.

Aliitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni. Kisha akauliza, "Huyu analifuata jembe kwa kitu gani?"

"Analitafuta tu, mama."

"Anatafuta tu." Akaguna. "Sisi kule nyumbani mwizi wa kuku tulimjuaje? Uwanja unafagiwa jioni kabla jua halijazama. Asubuhi ukiamka unaona nani amepita na ameelekea wapi. Bibi yenu uwanja wake unafagiwa vizuri, naona, lakini ufagio hana. Nani anamfagilia?"

Nilimtazama mama yangu. Nikaitazama kompyuta. Kila mahali nyayo zilipotoweka palikuwa ni siku mpya. Kilichokosekana ni Bibi mwenyewe kuonekana akifagia jioni, na asubuhi alama za jembe lililopita usiku. Nilikimbia na chapati za watu zikabaki jikoni zinapoa. Nilimkuta mume wangu kibandani kwake anafungua simu ya mteja, nikamwambia mbele ya wateja wote, "Mama anasema umtengenezee Bibi ufagio."

Ufagio tulitengeneza siku ileile, kwa njiti tulizochomoa kwenye ufagio wetu. Kufagia ndiko kulitushinda. Mistari yetu ilikuwa kama kuku wamechakura. Mama aliyasikia malalamiko yetu kutoka sebuleni, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mnafagia kama mnapalilia." Alikuwa sahihi. Uwanja unafagiwa kwa nusu duara, unarudi nyuma, ili usikanyage ulichokwisha kufagia, na ilibidi mistari iongezeke kidogo kidogo kwa kila picha. Mkono wa kufanya hivyo ulikuwa mmoja tu nyumbani, wa mama. Na mikono ya kupiga picha ilikuwa ya mkwe wake.

Mume wangu ndiye aliyepata dawa. Alitundika shuka katikati ya chumba, akakata tundu la ukubwa wa jicho la simu, akaingia nyuma yake na simu na kiti. Nilipohakikisha haonekani hata kisigino, nikamwita mama. Aliingia ameinamisha uso, akakaa mbele ya boma la Bibi na kijiti chake. Mimi nilimshika Bibi. Tatizo likawa moja: mama atajuaje kwamba picha imepigwa, aurudishe mkono wake? Mkwe hawezi kumwamrisha mama mkwe, "Haya, rudisha mkono."

Nyuma ya shuka mume wangu akakohoa.

Basi ikawa hivyo. Mama anachora mistari miwili, mimi namsogeza Bibi, tunatoa mikono, kimya, kikohozi. Mistari miwili, tunatoa mikono, kikohozi. Mwanzoni nilikuwa natafsiri, baadaye hawakunihitaji. Wiki hiyo mume wangu alipata mafua ya kweli, nikajua sasa tumekwisha, maana alikuwa anakohoa ovyo. Mama hakutikisika. "Hicho cha mafua," alininong'oneza, mkono umetulia hewani. Kilipokuja cha picha, akasogea. Sijawahi kuona watu wawili wanaosikilizana namna ile, na nimekaa kwenye harusi nyingi.

Jumapili ilifika. Banda lilijaa watu wa jezi. Kaka yangu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nadhani ili awahesabu wanaotoka. Mama alitoka kanisani moja kwa moja, akakaa benchi la kina mama upande wa kulia, Bibi akiwa kwenye kikapu mapajani. Mume wangu alikuwa mbele kushoto kwenye kompyuta, amewapa mgongo. Mimi nilisimama kwa sababu miguu ilikataa kukaa.

Taa zilipozimwa mtu akauliza kwa sauti, "Hii ni ya watoto?" Wengine wakacheka. Mwanamume mmoja aliinuka, nikauona uso wa kaka ukigeuka kumfuata. Kwenye ukuta Bibi akatoka kibandani, akashika kiuno, akachukua ufagio. Akaanza kufagia nusu duara, anarudi nyuma, mistari inafunguka mbele yake, na alipofika mwisho akajinyoosha mgongo kama kila mwanamke aliyewahi kufagia. Mama mmoja akasema, "Ee, huyo ni mama mkubwa wangu kabisa." Yule mwanamume alikuwa bado amesimama. Asubuhi ya Bibi ikafika, na juu ya uwanja msafi alama za jembe, zinarukaruka, zinatoka nje ya boma. Banda zima likaangua kicheko. Mwanamume akakaa, bila kutazama anakalia wapi.

Hakutoka mtu. Bibi alipolikuta jembe lake ziwani, akatupa ufagio na kucheza nalo, watu walipiga makofi kwa mdundo, wengine wakaanza kuimba. Taa zilipowaka, mwenye banda alishika rimoti ya mpira na watu wa jezi wakamzomea. "Rudia pale anapofagia," walisema. Ikarudiwa. Mechi ilikuwa imeshaanza.

Kisha wakataka kutuona. Mama alikwenda mbele na Bibi mkononi, upande wake wa kulia. Mume wangu alibaki kushoto, uso umeelekea ukutani. Mama akamwinua Bibi juu watu wamwone, halafu akatulia, mkono hewani, hasogei. Nikadhani amesahau, nikaanza kumwendea.

Mume wangu akakohoa.

Mama akamwinamisha Bibi kidogo. Akatulia. Kikohozi. Akamwinamisha zaidi. Hivyo hivyo, taratibu, mpaka Bibi akawa ameinama kabisa mbele ya watu wa mpira. Mimi nililia hadharani na sikujali. Watu walipiga makofi bila kujua walichokuwa wanakiona.

Kaka alinisubiri mlangoni. Alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati, akisingizia vumbi.

"Kesho nitafute mtu wa dukani?" akauliza.

"Tafuta leo," nikamwambia.