Siku Nguzo Ilipoondolewa Chini ya Ngazi

Saa tatu asubuhi. Waliopo ukumbini ni watatu: Lorna Tibbetts, fundi seremala mwenye umri wa miaka hamsini na minane, Armand Pelletier, aliyefanya naye kazi kwa miaka ishirini, na Bi. Hester Plumer, mwenye nyumba.

Mbele yao ngazi inapanda kwa mzunguko, vidato kumi na tisa, hadi ghorofani. Ilijengwa hapa mjini Newburyport mwaka 1806 bila nguzo: kila kidato huegemea kilicho chini yake, na ukuta hushika upande mmoja. Nguzo iliongezwa mwaka 1931 na mtu aliyeingiwa na hofu.

"Nguzo haibebi, inasukuma," anasema Lorna. "Nyumba imezama, nguzo imekaa palepale. Ndiyo maana vidato vimeachana."

Bi. Hester hajashawishika. Kwa miaka miwili amelala sebuleni kwa kuogopa milio ya ngazi hiyo, na mkandarasi ameshaitwa aje kuing'oa Jumatatu. Sharti lake la kuwaacha wajaribu kuondoa nguzo ni moja. Timazi, uzi wenye kipande cha chuma chenye ncha, imening'inizwa kutoka ngazini, ncha yake ikiwa juu ya sakafu kwa unene wa kidole. Ncha ikigusa sakafu, ngazi itang'olewa.

Nguzo imekwisha kulazwa chini. Uzito sasa uko juu ya jeki iliyowekwa mahali pake. Lorna, ambaye goti lake halikunjiki vizuri tangu alipoanguka kutoka paani, anachomeka karatasi kwenye ufa wa kidato cha saba: ufa ukijifunga, itabanwa. Armand anaishusha jeki, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

"Polepole, Armand. Hufungui chupa ya bia."

"Ingekuwa bia, ningetetemeka hivi?"

Mbao zinalia. Bi. Hester anarudi nyuma hadi mlangoni.

"Lorna, inaanguka!"

"Inakaa, Hester. Sikiliza: inakaa."

Nusu ya nafasi kati ya ncha na sakafu imekwisha. Armand anasita. "Niendelee?"

Lorna anaweka kiganja kwenye kidato cha saba, anatulia. "Endelea."

Mlio mmoja mkubwa, kisha kimya. Jeki inazunguka bila kubeba kitu. Chini ya ncha ya timazi bado inapita sarafu.

"Vuta karatasi," Lorna anamwambia mwenye nyumba.

Bi. Hester anavuta. Karatasi inachanika, nusu imebanwa ndani.

Lorna anapanda hadi juu, anashuka. Kinacholia ni goti lake tu. "Natamani ikae miaka mia mbili mingine," anasema, "bila mtu kuipa mkongojo."

Bi. Hester anatazama kipande kilichobaki mkononi mwake.

"Mkandarasi namzuia leo hii," anawatangazia. "Na nyinyi wawili, nipandishieni lile godoro. Usiku huu nalala chumbani kwangu."