Posa Iliyofungua Bwawa

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa mengine mengi yameniponyoka, na siku hizi hata miwani naitafuta ikiwa puani. Nakuhadithia kwa sababu jana ulinisomea habari kwenye simu yako, kwamba mikutano imepigwa marufuku kwa kuwa kuna maadui wamejificha kati ya watu. Ukaniuliza mimi bibi yako, "Susu, hii ni kweli?" Sikukujibu. Nilikuwa napepeta maharagwe, na swali kama hilo linataka mtu aketi kwanza.

Sasa nimeketi.

Nilikuwa msichana aliyetoka tu kumaliza shule, mwenye miguu mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tuliishi si mbali na Muthetheni, upande huu wa mto. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kingine, na katikati kulikuwa na bwawa, sisi tunaita silanga, ambalo wazee wa pande zote mbili walilichimba kwa majembe yao. Tulinywa hapo, tukafulia hapo, tukagombana hapo kidogo, kama majirani. Kisha akatokea bwana mmoja mkubwa, rafiki wa watu wa serikali, akaanza kusimika vigingi vya ua kulizunguka. Hakutuambia bwawa ni lake. Vigingi vilisema kwa niaba yake.

Vijiji viwili vikapanga mkutano mmoja, ili watu waende pamoja kumwona mkuu wa wilaya. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wambua, mtu mpole aliyeomba radhi hata kwa ng'ombe aliyemkanyaga.

Kabla ya mkutano huo chifu akaita baraza sokoni. Akapanda juu ya meza, akainua mshale wenye manyoya meupe.

"Huu umepatikana umechomekwa kwenye mlango wa ofisi yangu," akasema. "Watu wa ng'ambo wananoa mishale. Wanataka kuwachomea nyumba. Serikali inawapenda, na haitaki muumie. Kuanzia leo hakuna mkutano, hakuna kuvuka mto, na jua likizama kila mtu awe kwake."

Jioni hiyo hiyo gari la polisi lilimchukua Mzee Wambua hadi Machakos mjini. Tuliambiwa ni mchochezi. Ng'ombe wangeshangaa kusikia.

Nasi tuliamini, mwanangu. Woga hauna subira ya kuuliza. Kaka yangu Muli akatoa upinde wa babu darini, vijana wakakusanyika uani kwetu na mishale yao, kila mmoja ana lake la kusimulia kuhusu ubaya wa watu wa ng'ambo. Aliyewahi kuibiwa kuku, kuku yule akawa ng'ombe. Mimi niliwapikia uji na kuwaimbia, na nakuambia kweli, tulifurahi. Ni raha ya ajabu kuwa na adui mmoja, nyote mkakubaliana. Wala hapana aliyetaja bwawa tena.

Asubuhi moja akaingia mama mkubwa Syokau, dada mkubwa wa mama yangu, mjane aliyecheka kabla ya kusalimia. Akaiangalia ile mishale.

"Mmewaona wakija?"

"Bado," Muli akasema.

"Kuna mtu wetu amepigwa?"

"La, mama. Lakini tumeambiwa."

"Mmeambiwa." Akajiketisha kwenye kigoda. "Na mimi nikiwaambia nimejifungua mapacha leo alfajiri, mtaniletea uji?"

Vijana wakacheka, maana Syokau alikuwa hana hata jino la mbele. Yeye safari hii hakucheka.

"Ukiambiwa mtu anataka kukuua, nenda ukamtazame uso," akasema. "Ndunge, chukua kuku. Twende tukawasalimie."

Ndunge ndiye mimi. Nikachukua kuku. Tukateremka hadi mtoni mchana kweupe, tukavuka mchanga mkavu. Na kweli, mwanangu, ng'ambo vijana walikuwa wamejipanga na pinde. Nikasimama. Syokau hakusimama, kwa hiyo nami ikabidi niendelee, kwani kubaki peke yangu kulikuwa kubaya zaidi. Tulipokaribia nikaona wana hofu kuliko mimi. Mmoja mrefu, jina lake Kioko, akaangusha upinde wake mguuni mwake mwenyewe.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Wengine gani?" Syokau akajibu.

"Wale mnakuja nao kutuchomea nyumba. Chifu alikuja hapa akatuonyesha mshale wenu."

"Mshale wa namna gani, mwanangu?"

"Uko na manyoya meupe."

Syokau akaketi palepale mchangani, akacheka hadi akashika mbavu. Kioko akanitazama, nami nikamweleza. Chifu alikuwa ametembeza mshale mmoja vijiji viwili, kama mchuuzi anayetembeza kitambaa kimoja soko hadi soko. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kucheka nao, ila mimi nilijikuta nalia, maana niliwaza kaka yangu angemlenga nani, na kwa ajili ya nini.

Kicheko kilipoisha, nyanya yake Kioko, aliyekuwa ametoka kuona makelele ni ya nini, akasema vigingi vya ua sasa vimefika upande wao, na waya umeanza kufungwa. Watu walikuwa wakijenga kwa utulivu huko bwawani huku sisi tukiviziana kwa mishale. Hapo ndipo kila mtu alipoona.

"Lazima tukae pamoja," Syokau akasema. "Na mkutano umekatazwa. Nini hakijakatazwa?"

"Matanga," nyanya akajibu.

"Matanga yanataka maiti. Kuna anayejitolea?"

Wale mama wawili wakamtazama Kioko, halafu wakanigeukia mimi, nami nikamkumbatia yule kuku.

Basi nikaposwa. Jumapili hiyo watu wa ng'ambo walivuka mto na mbuzi wao wa ntheo, wale wanaoletwa nyumbani kwa binti ili posa itambulike, na kijiji chetu chote kikawapokea. Kwa nje ilikuwa posa. Ndani, kati ya nyama na nyama, wazee walikuwa wakipanga. Chifu akaja na askari. Wakakaribishwa, wakapewa viti na vipande vinono.

"Mnaongea nini hapa?" chifu akauliza.

"Maji, bwana chifu," Syokau akasema kwa unyenyekevu. "Binti huyu akiolewa atateka wapi? Wakwe wanataka kujua bwawa ni la nani kabla hawajatuachia mbuzi. Wewe ndiye serikali yetu. Tuambie, wote tusikie."

Chifu alikuwa na nyama mdomoni. Alitafuna muda mrefu sana. Vijiji viwili vilimngoja, naye akanawa mikono akaondoka, kwa sababu watu aliowaambia wataumana walikuwa wameketi bega kwa bega wakipitishiana chumvi.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda bwawani wote, wanawake mbele na madebe yao, na hakuna aliyebeba hata fimbo. Askari walikuwepo. Lakini walikuwa wametumwa kuzuia vita, na vita havikuwepo. Mkubwa wao akatutazama, akautazama ua, akaamuru waya ufunguliwe. Tuliteka maji tukiimba.

Mzee Wambua alirudi baadaye, amekonda, na kwa muda mrefu hakupenda kuzungumza. Sitaki ufikiri kila kitu kiliisha kwa kicheko. Na Kioko? Wala sikuolewa naye. Nilimpata babu yako, wa Matuu, na mbuzi walikuwa wameshaliwa. Hadi leo tukikutana kanisani Kioko huniita mchumba wake wa silanga, na mke wake ndiye anayecheka zaidi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sisemi hatari haipo. Wezi wapo, wauaji wapo, na serikali nzuri huwalinda watu wake dhidi yao. Ila mtu akikutajia adui, na kwa pumzi hiyohiyo akakuambia unyamaze, usikutane na mwenzako, usiulize, basi geuza shingo uangalie kule ulikokatazwa kwenda. Uliza nani ameona, na nani atanufaika ukiwa na hofu. Alivyofanya chifu wetu kwa mshale, wakubwa wa dunia hufanya kwa ndege za vita, na wanaozikwa ni watoto wa watu ambao hawakuwahi kugombana. Kabla hujamchukia mtu kwa kuambiwa, vuka umwone. Na ukisikia mtu amefungwa kwa sababu alisema, usimsahau kwa sababu wewe uko huru.

Haya, sogea nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. Mungu akupe macho yasiyofunikwa na hofu, na majirani wanaokufungulia mlango. Ulimi wako uwe jasiri na moyo wako ubaki mwepesi. Uzeeke, mwanangu, hadi utafute miwani ikiwa puani, na wajukuu wakucheke.